Hati na Ndoto: Filamu, Ukoloni na Mtoto wa Msambweni

Filamu za Kiafrika zihusuzo unyonyaji wa kikoloni hutafuta ushahidi, na zile zihusuzo watoto hutafuta ndoto. Mgawanyo huu umezoeleka mno, nao hauwafai watu wa Msambweni.

Chimbuko lake ni la kikoloni. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment ulitengeneza filamu fupi 35 za kuwafunza Waafrika mambo kama kilimo na afya. Baadaye William Sellers, wa Colonial Film Unit iliyoundwa 1939, alishikilia kuwa mtazamaji wa Kiafrika hawezi kufuata hila za kamera. Picha ziende polepole, bila miujiza. Mtu mzima akafanywa mtoto, tena mtoto asiye na ubunifu. Haya yalisemwa juu ya watu waliolelewa kwa ngano za Sungura na visa vya majini!

Supa Modo ya Likarion Wainaina (2018) yaipindua dhana hiyo. Jo, msichana mwenye maradhi yasiyopona, ajiona shujaa mwenye nguvu za ajabu, na kijiji kizima chashika kamera kumtengenezea filamu. Hila walizodhaniwa mababu kutozielewa, wajukuu wanazitengeneza wenyewe. Hata hivyo shujaa wa Jo ameazimwa kutoka sinema za ng'ambo, na historia ya ardhi anayoikanyaga haiguswi.

The Empty Grave ya Agnes Lisa Wegner na Cece Mlay (2024) yaelemea upande wa pili. Wazao wa Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani 1906, walitafuta fuvu lake hadi Ujerumani. Ni kazi nzito, nayo ina haki ya kuwa nzito. Lakini msako kama huo hutegemea kwa kiasi kikubwa kumbukumbu zilizoandikwa na kutunzwa na mkoloni mwenyewe.

Sasa itazamwe Kwale. Sheria ya hatimiliki ya 1908 ilidai madai yaliyosajiliwa. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya Serikali ya Kiingereza, na familia nyingi za Wadigo zikaja kuitwa maskwota katika makaburi ya wazee wao. Hapa kukosa hati ndiko kulikokuwa njia ya kunyang'anywa. Msanii atakayedai hati kabla ya kusadiki atarudia, bila kukusudia, swali la karani wa 1908. Masimulizi ya bibi, na yale mtoto ayaonayo akilini anapoyasikiliza, hayawezi basi kuwa pambo la filamu. Ni sehemu ya ushahidi wenyewe.

Hatari ipo. Pango la Shimoni, lisemwalo kuwa watumwa walifungiwa humo, leo huonyeshwa watalii kwa kiingilio, na ndoto iuzwayo mlangoni hujifunza upesi kumpendeza mnunuzi. Kamera ingeanzia kwingine: Ramisi, kwenye mashamba ya miwa, mtoto akimwuliza bibi yake mpaka wa shamba lao ulipita wapi, naye bibi akiuonyesha kwa mkono.