Sifa za Fundi Asiyeonekana

Wahenga walituonya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hata hivyo nitamsifu fundi anayeongeza Wi-Fi katika nyumba ambayo tayari ina nyaya za mtandao, kwa sababu kazi yake ikiwa nzuri hakuna anayeiona.

Intaneti ikisuasua chumbani, wengi wetu hukimbilia dukani kutafuta ruta yenye antena nyingi. Fundi mjuzi huanza kwa kuizunguka nyumba mikono mitupu na kugonga kuta. Anajua kwamba mbao na jipsamu hupitisha mawimbi, zege lenye nondo huyadhoofisha, bati huyarudisha yalikotoka, na tangi la maji huyameza. Anajua pia kwamba mawimbi ya gigahezi 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi, na yale ya gigahezi 5 hubeba data kwa kasi zaidi lakini huchoka mapema.

Kisha hurudi kwenye waya. Ndani ya kebo moja mna nyaya nane zilizosokotwa jozi kwa jozi ili zisibughudhiane. Huzinyoosha na kuzipanga: nyeupe ya chungwa, chungwa, nyeupe ya kijani, bluu, nyeupe ya bluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia. Huzikata sawia, huzisukuma ndani ya kichwa cha plastiki, huzibana kwa koleo. Msokoto haufumui kupita inavyohitajika, wala kipande kimoja hakipitishi mita 100. Waya unapoishia, ndipo anapofunga kirusha mawimbi.

Waya na mawimbi vina undugu wa zamani. Mwaka 1971, Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii waliunganisha kompyuta za visiwa vyao kwa redio, katika mtandao walioupa jina ALOHAnet. Robert Metcalfe aliuchunguza mtandao huo, na mwaka 1973, akiwa Xerox huko California, akabuni Ethernet, mtandao wa waya tunaoutumia majumbani hadi leo. Katika Ethernet ya mwanzo kila mashine ilisikiliza kwanza kabla ya kusema. Wi-Fi nayo ina adabu hiyo hiyo.

Hapo ndipo ustadi wa fundi huyu unapojitokeza. Vifaa vikisikilizana kupita kiasi kwenye chaneli moja, kila kimoja humngoja mwenzake na nyumba nzima hupooza. Kwa hiyo, kwenye gigahezi 2.4, kirusha mawimbi cha ghorofa ya chini hukipa chaneli 1, cha ghorofa ya juu chaneli 6 au 11, zisigongane. Kama kirusha mawimbi ni ruta ya zamani aliyoifufua, huizuia kugawa anwani ili kazi hiyo ibaki kwa ruta kuu peke yake. Halafu hufanya jambo ambalo mwenye nyumba halitarajii: hupunguza nguvu za mawimbi, ili simu inayopanda ngazi iachane na kirusha mawimbi cha chini na kushika cha juu.

Wi-Fi nzuri hujengwa na waya uliopita mahali pake. Basi wewe unayejenga, mwite fundi kabla ya plasta, apitishe kebo hadi kila ghorofa. Kazi ikiisha nawe huoni alichofanya, mlipe ujira wake kamili.