Heko kwa Wapima Ugumu

Mtu wa Susuni akiokota jiwe linalometameta, moyo humdunda: Nyamongo, ambako mgodi wa North Mara umekuwa ukizalisha dhahabu tangu 2002, iko humo humo wilayani Tarime. Basi aibonyeze punje inayong'aa humo kwa ncha ya sindano. Ikibonyea, afadhali, huenda ni dhahabu. Ikigoma, au ikimeguka na kutoa unga mweusi, ni pairaiti, madini yanayofanana na dhahabu tu, na aliyemwahidi mkewe mabati ajipange upya.

Maabara nayo hufanya vivyo hivyo, ila kwa adabu zaidi. Mwaka 1921 Robert Smith na George Sandland, wa kampuni ya Vickers ya Uingereza, walibuni kipimo cha ugumu kwa piramidi ya almasi yenye pembe ya nyuzi 136. Kwa punje ndogo huwekwa uzito mwepesi, tuseme gramu 25. Jiwe hung'arishwa kama kioo, almasi hushuka taratibu, hutulia sekunde 10 hadi 15, kisha huinuka. Hapo fundi huchungulia kwenye darubini na kukipima kile kialama cha mraba, pembe hadi pembe. Kwenye dhahabu safi, iliyo laini, ni kama mikroni 43; kwenye pairaiti, iliyo ngumu, hata 7 hazifiki.

Kazi hii haina kelele, ndiyo maana haina wa kuisifu. Sisi husifia wenye nyundo. Mimi nawapa heko hawa wa gramu 25. Meza ikitikisika kidogo tu, kipimo kimeharibika. Ukipita karibu na chumba chao, tafadhali, funga mlango polepole.