Kupima Skripti ya Kutafuta kwa Majina ya Mji wa Kale

Ukiletewa skripti ya Bash inayotafuta mistari ndani ya mafaili, usianze na kasi yake. Amri inayofanya kazi yenyewe ni grep, aliyoiandika Ken Thompson kule Bell Labs na ambayo imo ndani ya Unix tangu 1973. Kasi hiyo si ya fundi wako. Ipe majina ya watu na mitaa ya Mombasa, kisha utazame inaleta nini na inanyamazia nini.

Anza na "ali". Chukua daftari la michango ya msikiti lililochapwa kwenye faili, kila mchangaji na mstari wake. Skripti iliyowekewa -i tu, isijali herufi kubwa wala ndogo, itakumwagia kina Salim na Khalid, mwalimu wa madrasa, na kila mstari wenye "alilipa". Fundi mchanga hukimbilia -w, inayodai neno zima, na Ali anabaki peke yake. Vyema. Sasa mwambie atafute "lipa" kwa -w ile ile: alilipa, wamelipa, tulilipa, zote hazionekani, maana kitenzi cha Kiswahili hakitoki nyumbani bila viambishi. Ukiiondoa, "hajalipa" naye anaingia safu moja na waliolipa, na hapo watu watagombana. Kwa hiyo uamuzi wa -w uliogandishwa ndani ya skripti, iwepo au isiwepo, ni alama mbaya. Fundi aliyekomaa humwachia mtafutaji achague.

Kisha mpe jina la mtaa, "Ndia Kuu". Pakiwa na "$1" (neno uliloipa skripti) iliyofungwa kwa alama za kunukuu, jina linafika zima. Pakiwa na $1 tupu, nafasi iliyo katikati inalikata vipande viwili: grep inatafuta "Ndia" na kulalamika kwamba hakuna faili iitwayo Kuu. Kosa hili ni la kawaida sana, na binafsi nikilikuta sisomi zaidi. Ila jina hilo lina mtihani wa pili. Mwenyeji wa Mvita, yaani Mombasa, anasema ndia, karani aliyesomea Kiswahili sanifu anaandika njia. Skripti nzuri inakubali N[dj]ia Kuu. Vivyo hivyo Msikiti wa Mandhry, wenye tahajia zaidi ya moja, na Mohamed, ambaye kila ofisi humwandika ipendavyo: kwa -E, M[ou]hamm?[ae]d inawakusanya karibu wote. Anayehifadhi mashairi ya Muyaka bin Haji kwenye mafaili atakwama vibaya zaidi, akitafuta "macho" mahali palipoandikwa "mato" kwa Kimvita.

Jina la mtaa wa King'orani ndilo mtihani ninaoupenda. Ukiliandika ndani ya alama moja moja za kunukuu, ile ritifaa ya ng' inaifunga nukuu mapema na Bash inakaa ikisubiri uimalizie. Halafu kuna mafaili yenye ritifaa iliyonyooka na mengine yenye iliyopinda, kwa kuwa programu za kuandikia barua hupinda zenyewe bila kuuliza. Kwa -E tena, King.?orani inazishika zote mbili, na hata Kingorani. Lakini mtazame aliyeweka LC_ALL=C juu ya skripti ili iende mbio: hapo nukta inashika baiti moja tu, na ritifaa iliyopinda katika UTF-8 ina baiti tatu. Mtaa mzima unapotea.

Namba za mistari kwa -n, rangi, jina la faili kwa -H: mapambo yenye faida, hayahitaji mjadala.

Kazi kubwa iko kwenye kimya. Grep ikimaliza huacha 0 ikiwa imepata, 1 ikiwa haikupata, 2 ikiwa kumetokea hitilafu, mfano faili lisilosomeka. Skripti inayochanganya 1 na 2 itamwambia mjane kwamba jina la mumewe halimo kwenye orodha, kumbe orodha yenyewe haikufunguliwa. Ipe faili lisilokuwepo, ulinyime jingine ruhusa ya kusomwa, na la tatu lihifadhiwe kwenye Windows, ambako kila mstari huishia na herufi isiyoonekana, kiasi kwamba Kibokoni$ haipati kitu. Usome inavyojibu kila mara. Ukikuta 2>/dev/null imewekwa kuficha ujumbe wa hitilafu ili skrini ionekane safi, mrudishie mwenyewe kabla hujamlipa.