Mabomba na Kichwa

Huko Helsinki, Ufini, ipo sanamu ambayo kila kijana anayetaka kuandika angepaswa kuijua, hata kama ataishia kuiona kwenye picha kama mimi. Ni kumbukumbu ya mtunzi wa muziki Jean Sibelius, aliyefariki mwaka 1957. Aliyeiunda ni mwanamke, Eila Hiltunen, na ilizinduliwa mwaka 1967.

Hiltunen hakuchonga mtu. Alichukua mabomba ya chuma kisichoshika kutu, zaidi ya 600, akayachomelea yakawa kundi moja lenye mawimbi: tani 24, kimo mita 8 na nusu. Ukitazama haraka unaona kinanda cha kanisani. Tazama tena, unaona msitu, au mvua iliyokataa kufika chini.

Basi watu wakaja juu. Ati, Sibelius mwenyewe yuko wapi? Na mbona kinanda, wakati mzee huyo sifa yake ni okestra, na kinanda alikitungia kidogo tu? Kelele zilipozidi, ikaongezwa sura yake ya chuma, ikawekwa pembeni.

Hoja ya kinanda haina miguu. Hiltunen hakuwa akiorodhesha ala za Sibelius. Alikuwa akiitafutia sauti umbo: bomba refu na fupi, nene na jembamba, kama sauti zinavyopishana. Hoja ya sura, hiyo siidharau. Sanamu ya bustani ya umma si mali ya msanii peke yake, na mpita njia ana haki ya kuuliza. Lakini haki ya kuuliza si haki ya kutafuniwa. Ile sura inafanya kazi ya kibao cha jina: ukishaiona umejibiwa, unaondoka zako. Mabomba yanakuzuia usiondoke.

Kesi hii tunaijua sisi. Mhariri mmoja alinirudishia hadithi akitaka niongeze aya ya mafunzo mwishoni, eti msomaji asipotee. Jamani, msomaji si mtoto! Hata hivyo, mwandishi anayekataa kila kitu huishia kujisomea mwenyewe chumbani. Hiltunen aliwapa watu kichwa walichokitaka, ila hakukipachika katikati ya mabomba. Kazi yake ikabaki nzima.

Mimi ile aya bado sijaiandika. Kama nitaiandika, nitaiweka wapi isiiue hadithi? Wenzangu, nyie mngefanyaje? Andikeni tubishane.