Kiambishi U- na Dhamana ya Cheo

Kiingereza huunda majina mengi ya cheo, hadhi na ustadi kwa kiambishi tamati kimoja. Kiswahili hutumia kiambishi awali u-: ukatibu ni cheo, uraia ni hadhi, uashi ni ustadi. Huko Kinondoni na Temeke, ubalozi si wa mwakilishi wa nchi peke yake; ni pia wa balozi wa nyumba kumi, ngazi iliyowekwa na TANU katika miaka ya 1960. Neno halikubagua kasri na kibanda.

Hata hivyo, hatukubaliani na mazoea ya kusema, "uongozi umeamua." Ni nani aliyeamua? Cheo hakiamui, huamua kiongozi, mwenye jina na wajibu. Hapana budi walimu wawafunze vijana kutofautisha uongozi na kiongozi, ili cheo kisiwe pazia la kumficha mwenye cheo.