Ufundi Uliozikwa Olkaria

Anayefika Olkaria, kusini mwa Ziwa Naivasha, macho yake hutekwa na mabomba yanayong'aa na mvuke mweupe unaofuka kati ya vilima. Vinastahili kutazamwa. Lakini sehemu ngumu ya kazi ya kuzalisha umeme wa jotoardhi hapa ilishazikwa zamani, na hakuna atakayeiona tena.

Chini ya Bonde la Ufa mawe ya moto hayako mbali. Maji yaliyopenya kwenye nyufa za mwamba hupata joto la nyuzi 250 na zaidi, na kwa kubanwa na shinikizo la huko chini, hubaki maji. Kuyafikia, kisima huchimbwa kilomita mbili, wakati mwingine tatu. Keekee husaga mwamba usiku na mchana, na matope ya kuchimbia huipoza huku yakipandisha chembe za mawe juu.

Chembe hizo hazitupwi hivi hivi. Kila baada ya mita chache mwanajiolojia huzikinga, akazisuuza na kuzitazama kwa hadubini. Akikuta udongo laini, joto bado. Ikianza kujitokeza epidoti, madini ya kijani chenye umanjano, anajua mwamba huo uliwahi kufikia nyuzi 240 hivi. Hata hivyo hashangilii mapema: madini hubaki hata baada ya joto kuhama, kwa hiyo kipimajoto lazima nacho kishuke kikathibitishe.

Kisha huja saruji, na hapo ndipo fundi hujulikana. Kisima huvishwa mabomba ya chuma, moja ndani ya jingine, kila jembamba likishuka chini zaidi kuliko lililotangulia, na nafasi kati yao hujazwa saruji kutoka chini hadi juu. Maji kidogo yakisahaulika katikati ya mabomba mawili, siku hiyo hayana neno. Kisima kikipata moto, maji hayo hutanuka, yakakosa pa kwenda, yakalibonyeza bomba la ndani hadi likunjamane. Kazi ya mamilioni ya dola huharibika hivyo. Ndiyo maana wanaosimamia hawabanduki mpaka saruji safi itokeze juu, na ikinywea huongeza nyingine.

Kisima kilichokamilika nacho hakifunguliwi kwa pupa. Kilipozwa na maji wakati wa kuchimba, basi huachwa wiki nyingi kirudishe joto lake, na valvu kuu hufunguliwa kidogo kidogo, kwa sababu chuma kikitanuka ghafla hupasua saruji iliyokishika. Kikianza kububujika, fundi husoma shinikizo kwenye mdomo wa bomba, na kimo cha maji yanayopita kwenye pengo lenye umbo la V. Kwa vipimo hivyo viwili hukadiria nguvu ya kisima kizima.

Yanayofuata yanaonekana kwa macho. Maji na mvuke huingia kwenye tangi kwa ubavuni na kuzunguka kwa kasi. Maji mazito hubanwa ukutani yakashuka, mvuke ukachukuliwa kutoka katikati. Tangi lenyewe halina hata kifaa kimoja kinachozunguka. Mabomba ya mvuke yamepindwa hapa na pale makusudi, ili yapate pa kutanukia. Turbini huzunguka mara 3,000 kwa dakika, na kwa kasi hiyo hata matone ya maji hula mapanga ya chuma, kwa hiyo mvuke lazima ufike mkavu. Maji yaliyotengwa hurudishwa ardhini kupitia visima vingine, chanzo kisikauke.

Ufundi huu haukupatikana mara moja. Visima viwili vya majaribio vya miaka ya 1950 havikuzaa matunda, kazi ikarejewa miaka ya 1970, na mwaka 1981 turbini ya kwanza, ya megawati 15, ikaanza kuzalisha umeme. Leo jotoardhi huipatia Kenya zaidi ya theluthi moja ya umeme wake, mvua inyeshe isinyeshe.

Turbini ikichakaa hung'olewa, ikaletwa nyingine. Saruji iliyokaa vibaya mita 800 chini haibadilishwi. Isipozibika kwa kuongezewa nyingine, kisima hufungwa na kundi zima likaanza upya mahali pengine. Kwa hiyo wanaoimwaga hawana budi kuipatia mara ya kwanza, na kila taa inayowaka kwa mvuke wa Olkaria ni ushahidi kwamba waliipatia.