Bukari Haingoji Hotuba

Jumamosi jioni, Kasungami, nyumba yenye harusi huitambui kwa muziki, maana muziki uko kila upande. Unaitambua kwa moshi. Nyuma ya turubai, upande ambao wageni hawapiti, mbabula (majiko ya mkaa) sita au saba zimepangwa mstari, na juu ya kila moja kuna sufuria ambayo mtu mmoja hathubutu kuinyanyua. Mbele kuna viti vya plastiki vilivyovishwa vitambaa vyeupe, meza ya maharusi imepambwa maua na taa za rangi, kijana wa muziki anajaribu maikrofoni. Nikialikwa, mimi huomba kiti cha pembeni, karibu na ule upenyo wa turubai unaotazama jikoni. Wengine hudhani nawahi nyama.

Kasungami imo katika komini ya Annexe, ile inayouzunguka mji wa Lubumbashi. Familia nyingi za huku hazikodi ukumbi wa mjini. Hukodi turubai, viti, sahani na jenereta, kisha huenda kumtafuta mtu ambaye asipokuwepo vyote hivyo ni mapambo tu: mama wa kupikia sherehe. Hana cheti wala kofia ndefu nyeupe. Ana daftari la shule, mwiko wake anaokuja nao mwenyewe, na wasaidizi wanne au watano, wengi wao wadogo zake na mabinti wa kanisani. Wote humwita yaya, hata wale waliomzidi umri, maana mbele ya moto yeye ndiye dada mkubwa.

Mgeni atakayesifu chakula usiku huo atasifu kuku, au makayabo, au sombe, yale majani ya muhogo, iliyoiva mpaka mafuta ya mawese yakaelea juu. Sina ugomvi naye. Lakini mimi namsifu yaya kwa bukari, ugali wetu wa mahindi, na nina sababu. Sombe hungoja: ukiipika asubuhi, usiku inakuwa tamu zaidi. Makayabo, yule samaki wa chumvi, huanza kutayarishwa tangu jana yake ndani ya beseni, maji yakimwagwa na kubadilishwa hadi chumvi ilegee. Akishakaangwa na kuzamishwa kwenye nyanya na vitunguu, anaweza kukaa. Kuku vivyo hivyo. Bukari haina subira hiyo. Ikiachwa wazi dakika chache tu inavaa ngozi, pembeni inaanza kukauka, na baada ya nusu saa ukiimega inakatika vipande badala ya kufuata vidole. Wanga wa mahindi uliovimba kwa maji ya moto hujikaza unapopoa, na ukiupasha upya haurudii ulaini wake wa kwanza.

Sasa weka mbele ya yaya wageni mia tatu. Wote wanataka bukari ya moto, na wote kwa wakati mmoja. Na saa ya kula haiko mikononi mwa mpishi. Iko mikononi mwa mjomba wa bibi harusi, ambaye amepewa dakika tano za kutoa nasaha na ameanza na historia ya ukoo.

Kitendawili hiki hiki huteguliwa kila jioni baharini, kwenye meli kubwa za utalii. Icon of the Seas, iliyoanza safari mwaka 2024, hubeba abiria zaidi ya 5,000, na meli za aina hiyo zina ukumbi mkuu wa chakula cha jioni ambamo abiria huketi mezani na kuletewa sahani moja baada ya nyingine. Desturi yao ya zamani ni kuwagawa watu zamu mbili, wa jioni mapema na wa usiku, kila mtu na meza yake na mhudumu yule yule safari nzima, hata ikifika siku ya pili mhudumu anakuita kwa jina na anajua hutaki vitunguu. Nyuma ya mlango sahani hupakuliwa kwa mstari, hufunikwa, hupangwa juu ya sinia pana, na sinia hubebwa begani. Aliyeketi mezani haoni hata tone la jasho. Ziwa Tanganyika nalo lina meli ya ukoo huo: Liemba ilijengwa mwaka 1913 katika karakana ya Meyer huko Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Kigoma ndani ya makasha maelfu. Ilishushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen, ikazamishwa mwaka uliofuata, ikaopolewa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927. Karakana hiyo ya Meyer ndiyo leo inayounda meli za utalii. Chumba cha kulia cha Liemba kilikuwa kidogo, wali na samaki au kuku, lakini kazi ilikuwa ile ile: chakula kifike mezani kingali na mvuke, chombo kikiyumba au kisiyumbe.

Wapishi wa meli nawavulia kofia. Ila viazi na nyama chini ya kifuniko huvumilia. Jiko lao ni la umeme na liko usawa wa bahari, maji yanachemka kwa nyuzi 100 kamili. Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, maji huchemka yakiwa nyuzi 96 hivi, na moto wenyewe ni makala, yaani mkaa, yaliyoletwa kwa baiskeli kutoka porini. Tena hakuna meli iliyowahi kumwambia mpishi wake amngoje mjomba.

Yaya anafanyaje, basi? Jambo la kwanza utakaloliona, ukitazama kwa utulivu, ni kwamba hapiki bukari yote ndani ya sufuria moja kubwa kupindukia. Wasiojua hudhani watu wengi dawa yao ni chungu kikubwa. Bukari ikizidi uzito fulani hakuna mkono utakaoigeuza hadi chini, na isipogeuzwa hadi chini inatoka na madonge yenye unga mbichi katikati. Kwa hiyo sufuria zake ni za wastani, na amezipishanisha: ya kwanza inasongwa, ya pili ni uji unaotokota, ya tatu maji yake ndiyo kwanza yanavuma.

Uji ndio kiini cha ustadi wake. Unga kidogo huvurugwa kwa maji baridi, ukamiminwa kwenye maji ya moto na kukorogwa usishike chini. Kisha anafunika na kuuacha utokote hasa. Hapo ndipo wenye haraka huharibu: wanaona povu, wanatia unga, na wageni wanalala na tumbo zito. Yeye hafunui. Anasikiliza. Uji mbichi hulia haraka haraka, kwa sauti nyembamba. Ukishaiva mlio unakuwa mzito, unapasuka na kunyamaza, unapasuka na kunyamaza. Nimemwona akiongea na simu, mgongo ameupa moto, na bado akageuka kwa sufuria iliyo tayari, si ya jirani yake.

Na kwenye uji ndipo anaposimamisha saa. Bukari haingoji, lakini uji hungoja. Hotuba ikirefuka, sufuria zote zinabaki uji, makala yanapunguzwa, maji ya moto yanaongezwa kikombe kimoja kimoja, na anaweza kukaa hivyo nusu saa bila kuharibu kitu. Hatazami saa ya mkononi. Anafuata mpangilio wa sherehe. Kuna mtoto anayesimamishwa kwenye upenyo wa turubai, kazi yake ni kutoa habari tu. Maharusi wameingia: maji yawekwe. Wazazi wanaanza kusema: uji. Keki inakatwa: unga. Kati ya kisu cha keki na sahani ya kwanza pana nyimbo mbili au tatu na picha za familia, na huo ndio muda wake wote.

Basi keki ikikatwa, nenda ukasimame karibu. Wasaidizi wawili wanaibana sufuria kwa vitambaa na vijiti isizunguke. Mkono wa kushoto unanyunyiza unga, wa kulia una mwiko. Mwiko huo ni wa mti mgumu, ukisimamishwa unamfika kifuani, na ubapa wake umelika upande mmoja tu kwa kusugua kuta za sufuria miaka na miaka. Mtu mwingine akiushika unamkataa. Hakorogi kwa kuzungusha. Anasukuma donge mpaka ukutani, analikandamiza hapo lipasuke, anageuza kiganja, analivuta kutoka chini. Nguvu haitoki mkononi, inatoka magotini na kiunoni, ndiyo maana anaweza kumaliza sufuria ya sita akiwa na pumzi ya kuamrisha. Akimaliza analowesha vidole, anamega kipande kidogo na kukiviringisha. Kikiacha unga vidoleni, bado. Kikiteleza, anafunika.

"Tosha makala!" anasema, na binti anayatoa makala kwa koleo. Hayamwagwi. Yanahamishiwa kwenye mbabula inayofuata, ambayo sasa ndiyo yenye haja ya moto mkali. Moto ule ule unatembea kwenye mstari kutoka sufuria hadi sufuria, na kwa bei ya gunia la makala siku hizi, huo nao ni ustadi wa kuheshimiwa.

Kisha bakuli lililoloweshwa. Anachota, anatikisa bakuli mara tatu nne kwa mviringo, bukari inajiviringa yenyewe na kuwa laini juu kama yai. Inaangukia kwenye nailoni nyembamba, inafungwa, inaingia ndani ya glasiyere iliyotandikwa kitambaa kizito. Kile chombo kilichotengenezwa kutunza baridi ya bia kinatunza joto la bukari vizuri vile vile, na nailoni inazuia ngozi isishike. Wapo wanaonuna kwamba chakula cha moto ndani ya nailoni hakifai, na sina haja ya kubishana nao. Nasema tu kwamba hadi leo sijaona kitu kingine kinachofikisha bukari meza ya thelathini ikiwa vile ilivyokuwa meza ya kwanza.

Unga wenyewe una hadithi yake. Reli kutoka Rhodesia ilifika hapa mwaka 1910, mwaka ule mji ulipoanzishwa kwa jina la Elisabethville, na kampuni ya migodi ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, iliwalisha wafanyakazi wake kwa poso ya unga wa mahindi, mwingi ukitoka huko huko kusini. Watu waliokuja na vyakula vya kwao, wa muhogo, wa mtama, wa ulezi, wakazoea chakula cha poso, na watoto wao wakakiita cha nyumbani. Mpaka leo sehemu kubwa ya unga hupitia mpakani Kasumbalesa. Mwaka 2024 Zambia ilipotangaza ukame kuwa janga la taifa, jikoni za Lubumbashi zilijua haraka. Yaya naye hupimia unga kiganjani kabla ya kukubali kazi. Unga mweupe wa mashine kubwa hunywa maji kidogo. Ule wa kinu cha mtaani, wenye pumba, hunywa zaidi na hutaka uji mrefu. Akiletewa magunia ya aina mbili anayaandika tofauti kwenye daftari, na hayachanganyi.

Upande wa wageni kuna vijana wa protokoli, sare zao za kitenge kimoja. Kwenye meli, mlangoni, mhudumu hukunyunyizia dawa ya mikono. Hapa kijana anakuja na birika na beseni, taulo begani, anaanza na wazee, anainama kidogo akimwaga. Meza huitwa moja moja. Anayejua kazi haiti meza mbili pamoja, hata watu wakipiga kelele, kwa sababu anajua kasi ya kina yaya nyuma. Na mgeni ambaye hakuja na kadi, yupo siku zote, naye hupata: daftari lilishamhesabu bila jina.

Unafungua nailoni, mvuke unakupiga usoni. Unamega, unaviringisha, unatia kishimo kwa dole gumba, unachota sombe. Bukari ikiwa sawa, kishimo kinasimama na mchuzi haupenyi. Mezani hakuna anayelisema hilo. Wanasema kuku alikuwa mkubwa, au bia ya Simba ilikuwa baridi, au mjomba amesema mengi mno.

Yaya mwenyewe hali. Wapishi wengi wa sherehe niliowaona wako hivyo. Harufu imeshawashibisha tangu adhuhuri. Huomba chai na mkate, akakaa juu ya kreti la bia huku mabinti wakikwangua sufuria, kisha anafungua tena daftari. Sahani za kukodi lazima zirudi kwa hesabu kabla mwenye nazo hajazifuata asubuhi, na kila kinachokosekana kinakatwa kwenye malipo. Sahani hazimsumbui. Vijiko ndivyo vinavyopotea.